Hanamu na Guhanama: Kivumishi cha Mwinamo Mjini Gisenyi

Makala haya mafupi yanahusu kivumishi cha Kiingereza "sloping" na historia ya maneno tunayoyatumia kukifasiri. Kwa Kiingereza, neno hilo moja latosha kuelezea kilima, paa na hata mwandiko. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha aina hiyo. Husema mteremko kwa mahali pa kushukia, mwinuko kwa mahali pale pale anapopanda mtu, paa lililoinama, mstari wa mshazari, na mbao zilizokatwa hanamu.

Neno hanamu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Gisenyi. Katika Kinyarwanda, umusozi uhanamye ni mlima wenye mteremko mkali. Kitenzi chake ni guhanama. Mwanafunzi wetu akikutana na hanamu hudhani amekutana na ndugu, naye huandika "mlima wa hanamu". La hasha! Hanamu ni neno la mabaharia na maseremala wa pwani: ni sehemu ya mbele ya jahazi inayokata maji, na pia ni mkato wa upande usiofuata pembe mraba. Linaeleza namna kitu kilivyokatwa. Halielezi ukali wa mlima.

Maneno haya mawili yalikutanaje? Mwaka 1894 msafara wa von Götzen, ulioanzia Pangani, ulivuka Rwanda hadi ziwa Kivu, na yeye akapanda Nyiragongo. Baadaye utawala wa Kijerumani, uliotumia Kiswahili katika shughuli zake, uliweka kituo hapa, ukiandika jina la mji "Kissenji". Utawala huo ulikoma mwaka 1916, lakini Kiswahili kilibaki sokoni na mpakani na Goma. Hivyo lugha iliyokomaa kando ya bahari ilijikuta kwenye nchi ya milima, mbele ya lugha yenye msamiati wake wa milima.

Je, jambo hili ni la darasani tu? Hapana. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini, na wahitimu wetu huombwa kutafsiri matangazo. Tangazo likisema "msijenge mahali pa hanamu", mgeni kutoka Bujumbura au Tanga hataelewa anaonywa nini. Likisema "msijenge kwenye mteremko mkali", ataelewa mara moja.

Kwa hiyo, tunapofasiri, tusianze kwa kutafuta kivumishi. Tuulize kwanza: kitu hiki kinateremka, kimeinama, au kimekatwa upande? Jibu la swali hilo ndilo litakalotupa neno.