Mikahawa ya Kusini ya Marekani na Asili ya Chakula Chake

Katika miji ya Kusini ya Marekani, hasa katika majimbo ya Tennessee, Alabama na Georgia, iko mikahawa midogo isiyo na fahari yo yote. Mlaji huchagua nyama ya namna moja na mboga za namna tatu, akaletewa vyote katika sahani moja pamoja na mkate wa mahindi. Kwa hiyo wenyeji huiita mikahawa ya "nyama na tatu". Chakula chake husifiwa kuwa ni chakula cha nyumbani, yaani kilichopikwa kama mama alivyopika. Sifa hiyo ni ya haki. Walakini mwenye kuchungua historia hana budi kuuliza: nyumba ipi, na mama yupi? Swali hili si la mchezo, kwani lilipata kufikishwa mbele ya mahakimu wakuu wa nchi ile.

Tukiitazama sahani hiyo kitu kimoja kimoja, tutaona kuwa vitu vyake vimetoka mbali. Mahindi, yanayotengenezwa mkate na uji mzito wa chenga, ni urithi wa wenyeji wa asili wa Amerika. Nguruwe aliletwa na Wazungu. Bamia, kunde na ufuta vilitoka Afrika, vikavuka bahari katika biashara ya watumwa. Mpunga ulistawishwa katika mabonde ya Carolina tangu mwisho wa karne ya 17, na wengi walioulima walikuwa watumwa waliotoka pande za Afrika ya Magharibi ambako kilimo hicho kilikuwa cha zamani. Karanga, ambazo asili yake ni Amerika ya Kusini, zilikwenda kwanza Afrika, kisha zikarudi ng'ambo pamoja na watu waliozijua.

Ushahidi wa safari hizo umo hata katika lugha. Neno la Kikongo nguba, lenye maana ya karanga, limezaa goober, jina la karanga katika usemi wa Kusini. Kadhalika jina gumbo, la mchuzi mzito unaopikwa mara nyingi kwa bamia, hufungamanishwa na kingombo, yaani bamia, katika Kimbundu cha Angola. Msomaji wa Kiswahili hatayaona maneno hayo kuwa mageni kabisa, maana Kikongo na Kimbundu ni ndugu wa Kiswahili katika jamii ya lugha za Kibantu. Hata majani ya kola yanayochemshwa kwa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, ni jamaa wa mboga ile ambayo Kenya huitwa sukuma wiki.

Katika zama za utumwa palikuwa na majiko mawili. La kwanza lilikuwa la mtumwa mwenyewe. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuwa posho ya mtu mzima kwa mwezi ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki badala yake, na unga wa mahindi kadiri ya lita 35. Kitoweo kilichopungua, mtu alikitafuta katika kibustani chake, majini au mwituni. Jiko la pili lilikuwa la bwana, na humo pia mikono iliyopika ilikuwa mara nyingi ya watumwa. Mary Randolph, bibi wa Kizungu wa Virginia, alipochapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1824, bamia zilikuwa zimekwisha kuingia katika meza ya mabwana. Lakini wapishi weusi waliopata kuvipa vitabu majina yao walikuwa wachache. Mmoja wao ni Abby Fisher, ambaye kitabu chake kilitoka San Francisco mwaka 1881. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Aliyasema mapishi yake kwa kinywa, wengine wakayaandika.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini baadaye zikaja sheria na desturi za kutenga watu kwa rangi. Ndipo ilipotokea ajabu hii, kwamba mtu mweusi aliweza kupika chakula cha mkahawa, kukipakua na kuviosha vyombo, ila hakuweza kuketi akakila hapo. Pengine aliruhusiwa kununua, akafungiwa chakula chake aende nacho.

Mambo hayo yalipoanza kupingwa, jiko nalo lilishiriki. Mjini Montgomery, Alabama, watu weusi walisusia mabasi tangu tarehe 5 Desemba 1955 kwa muda wa siku 381. Georgia Gilmore, mpishi wa mkahawa mmoja wa mji huo, aliunda kikundi cha wanawake waliouza kuku, keki na vyakula vingine ili kusaidia gharama za mgomo. Wakakiita kikundi chao "Chama cha Kutoka Kusikojulikana", hata mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu liwe tayari na asiwepo wa kudhuriwa. Baada ya kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1956, bibi huyu alipoteza kazi yake. Martin Luther King akamtia moyo apike nyumbani kwake. Na nyumba ile ikawa mahali pa kulia na pa kushauriana. Hapo chakula cha nyumbani kilikuwa cha nyumbani kweli, na mpishi ndiye mwenye nyumba.

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi waliketi penye meza ya chakula katika duka la Woolworth, Greensboro, wakakataa kuondoka bila kuhudumiwa. Mfano wao ulienea miji mingi, na tarehe 2 Julai 1964 ikatiwa sahihi sheria iliyokataza ubaguzi katika mikahawa.

Mkahawa mmoja wa Birmingham, Alabama, ulioitwa Ollie's Barbecue, uliipinga sheria hiyo. Ulikuwa mali ya jamaa moja, wenye viti 220, ukisifika kwa nyama ya kubanika na mikate ya matunda iliyookwa papo hapo. Tangu ulipofunguliwa mwaka 1927 haukumkaribisha mtu mweusi kuketi. Yeye aliuziwa chakula cha kuchukua tu. Hata hivyo, katika watumishi wake 36, theluthi mbili walikuwa weusi. Wenyewe walidai kwamba biashara yao ni ya mahali pale pale, wala Serikali ya nchi nzima haina mamlaka juu yake, kwa kuwa Katiba huipa mamlaka juu ya biashara ipitayo baina ya jimbo na jimbo. Mahakama ya kwanza iliwakubalia.

Shauri likapelekwa Mahakama ya Juu. Hesabu zikaonyesha kuwa katika mwaka uliotangulia sheria, mkahawa ulinunua vyakula vya dola 150,000 hivi, na katika hizo dola 69,683 zilikuwa za nyama iliyotoka nje ya Alabama. Tarehe 14 Desemba 1964 mahakimu wote 9 waliamua kuwa sheria inauhusu mkahawa huo.

Hukumu ile ilitazama safari ya nyama ya mwaka mmoja, na kwa kazi ya sheria hiyo ilitosha. Historia hutazama safari ndefu zaidi, ya bamia, ya kunde, ya mpunga, na ya watu walioletwa pamoja navyo kwa nguvu. Kwa kipimo hicho, hoja ya kwamba mkahawa ule ni jambo la mahali pamoja ilikuwa imekwisha kuvunjika karne nyingi kabla ya shauri kufunguliwa. Chakula kile ni cha nyumbani kweli. Lakini wengi wa walioijenga ladha yake walizuiwa kwa muda mrefu mno kuketi mezani.