Mara Tatu kwa Kiti Kimoja: Julian Bond na Bunge la Georgia

Tarehe 10 Januari 1966 wajumbe wapya wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia walikusanyika mjini Atlanta kula kiapo. Julian Bond, kijana wa miaka 25, aliambiwa akae kando. Wenzake wakaapishwa, yeye akabaki anatazama. Kabla ya siku kwisha, Baraza lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumnyima kiti ambacho watu wake walikwisha kumpa.

Kiti chenyewe kilikuwa kipya kama alivyokuwa mwenyewe. Kwa miongo mingi kaunti 8 kubwa za Georgia zilipewa wabunge 3 kila moja, na kaunti ndogo 121 zikapata mbunge 1 kila moja. Kwa hesabu hiyo Fulton, kaunti ya Atlanta yenye watu zaidi ya nusu milioni, ilikuwa na wabunge 3, huku Echols, yenye watu wasiofika elfu mbili, ikiwa na wake 1. Wakulima Wazungu wa vijijini wakawa ndio wenye Bunge, na Weusi wa mjini wakawa hawana pa kusemea. Mahakama za shirikisho zilipoamuru mipaka ichorwe upya kwa kufuata idadi ya watu, uchaguzi maalumu ukaitishwa Juni 1965. Atlanta ikapata maeneo mapya, mojawapo eneo namba 136, lenye wapiga kura wapatao 6,500. Kati yao 6,000 hivi walikuwa Weusi.

Bond alikuwa msemaji wa SNCC, chama cha wanafunzi kilichoongoza migomo ya kukaa kwenye mikahawa ya Wazungu na kuandikisha wapiga kura Weusi katika majimbo ya Kusini. Alikuwa ameacha masomo katika chuo cha Morehouse ili afanye kazi hiyo. Alipogombea alipita nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu wanachotaka kabla hajawaambia anachotaka yeye. Mpinzani wake, Malcolm Dean, naye Mweusi, alikuwa mlezi wa wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Atlanta. Bond alipata kura 2,320, Dean 487.

Kilichomponza ni tamko. Tarehe 3 Januari 1966, Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee huko Alabama aliyewahi kuwa askari wa jeshi la majini, alipigwa risasi na kufa katika ugomvi kuhusu choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam: serikali isiyowalinda raia wake Weusi haiwezi kudai inawapigania Wavietnam uhuru. Tamko lilieleza pia kuwaunga mkono vijana waliokataa kuitwa jeshini. Bond hakuliandika, lakini waandishi wa habari walipomuuliza alisema analikubali. Wajumbe 75 wakawasilisha malalamiko kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwa moyo mnyofu kuitetea Katiba ya Marekani. Bond alisimama mbele ya kamati akasema yuko tayari kula kiapo. Haikusaidia.

Bunge la Georgia lilikuwa limewahi kufanya hivyo. Septemba 1868, miaka mitatu baada ya vita vya kukomesha utumwa, wajumbe Wazungu waliwafukuza wenzao Weusi zaidi ya 30, kwa hoja kwamba katiba ya jimbo iliwapa Weusi haki ya kupiga kura, si haki ya kushika madaraka. Mmoja wao, mchungaji Henry McNeal Turner, alitoa hotuba ya kuwakatalia ambayo bado inasomwa hadi leo. Walirudishwa mwaka 1870 kwa nguvu ya serikali ya shirikisho, kisha karne mpya ilipoanza wakatoweka tena bungeni kwa zaidi ya nusu karne. Hoja ya 1868 ilikuwa rangi, ya 1966 ilikuwa maneno. Mimi nazihesabu kuwa hoja moja, kwa sababu katika zote mbili wajumbe walijipa kazi ya kuwachagulia watu wengine mwakilishi.

Martin Luther King, aliyeishi katika eneo hilo la 136 na kwa hiyo alikuwa mmoja wa watu ambao Bond aliwawakilisha, aliongoza maandamano hadi jengo la Bunge. Kesi ilipofika mbele ya majaji watatu wa shirikisho mjini Atlanta, wawili waliliunga mkono Baraza. Februari kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi ukaitishwa, na Bond akashinda tena. Kamati ikamwita, ikamtaka ayafute maneno yake. Akakataa, akafungiwa mlango kwa mara ya pili. Novemba watu wa eneo 136 walipiga kura kwa mara ya tatu, wakamrudisha yule yule.

Tarehe 5 Desemba 1966 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walitoa uamuzi mmoja, ulioandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Bunge lina haki ya kuhakiki sifa za mjumbe zilizotajwa katika katiba, kama umri na ukaazi, lakini halina haki ya kutumia kiapo kama kisingizio cha kupima mawazo yake. Mbunge ana uhuru wa kusema sawa na raia yeyote; tena ana wajibu wa kuzungumzia mambo mazito ili waliomtuma wajue msimamo wake. Januari 1967 Bond aliapishwa.

Msomaji wa Kenya atakuwa amekwisha kukumbuka mwaka huo 1966 nyumbani. Oginga Odinga, mwanasiasa wa Kenya, alikuwa amefika Atlanta Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, akakutana na vijana wa SNCC. Walipotoka kwake walikwenda kukaa katika mkahawa wa jirani uliokataa kuwahudumia Weusi, wakakamatwa. Aprili 1966 Odinga naye, baada ya kujitoa katika chama tawala cha KANU na kujiunga na chama cha upinzani cha KPU, alikutana na marekebisho ya katiba yaliyowalazimu wabunge waliohama chama kurudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ilipata viti 9 kati ya 29. Tofauti na Georgia ni kubwa: Nairobi ilitunga sheria, na kura zikahesabiwa kuwa neno la mwisho. Hata hivyo, kule Bondo, kwa wapiga kura wa Odinga, kama Atlanta, wananchi waliambiwa wafikirie upya juu ya mtu waliyekwisha kumchagua.

Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, Bond alikuwa kiongozi mwenza wa ujumbe uliopinga ule ulioteuliwa na watu wa Gavana Lester Maddox, mbaguzi wa waziwazi, na mkutano ukagawa viti vya Georgia kati ya pande mbili. Jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais. Alilikataa: alikuwa na miaka 28, na Katiba inataka 35.

Miaka iliyofuata haikuwa na vishindo. Alikaa katika Baraza hadi alipohamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, na huko akafanya kazi ambayo naiona kubwa kuliko ya Chicago. Mipaka ilipochorwa mwaka 1981 alipigania Atlanta iwe na eneo la Bunge la Marekani ambalo Weusi wangekuwa wengi. Wenzake walipitisha mchoro mwingine. Mahakama ya shirikisho huko Washington ikaukataa kwa kuwa ulikuwa wa kibaguzi, na eneo la tano likapatikana, Weusi wakiwa takriban asilimia 65 ya wakazi.

Mwaka 1986 Bond aliligombea eneo hilo. Mpinzani aliyemkabili alikuwa John Lewis, mwenyekiti wa SNCC katika miaka ya Bond ya usemaji, rafiki aliyesafiri naye hadi Guinea mwaka 1964. Katika duru ya kwanza ya mchujo Bond aliongoza kwa asilimia 47, Lewis 35. Duru ya pili iligeuka chungu: Lewis alimtaka wapimwe wote wawili dawa za kulevya, Bond akakataa. Bond aliungwa mkono zaidi na Weusi, lakini Wazungu wengi walimpigia Lewis, na Septemba 1986 Lewis akashinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Safari hii hakuzuiwa na kamati wala Baraza. Waliomwacha nje ni wapiga kura wa eneo alilolipigania mwenyewe, na mwaka uliofuata aliondoka katika Seneti ya Georgia baada ya miaka ishirini bungeni.