Kituo cha Amundsen–Scott
Kituo cha utafiti cha Marekani kwenye Ncha ya Kusini, barani Antaktiki, kilichoanzishwa mwaka 1956. Jengo lake la sasa limeinuliwa juu ya nguzo ili upepo upeperushe theluji isilifukie. Jua huchomoza mara moja tu kwa mwaka, na kutua mara moja. Kuanzia Februari hadi Oktoba hivi safari za kawaida za ndege husitishwa, na watu 40 hivi hubaki peke yao. Wanasayansi ni wachache. Kazi ya kuwaweka wote hai iko mikononi mwa mafundi na wapishi, ambao ni nadra kusifiwa. Maji hupatikana kwa kuyeyusha barafu chini kabisa ya kituo, kisha kuyavuta juu kwa pampu. Kwa kuwa hilo hula mafuta mengi, mkazi huoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili kila mara. Mboga hukuzwa ndani, bila udongo, chini ya taa. Mwaka 1999 daktari wa kituo, Jerri Nielsen, aligundua uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Ilikuwa saratani. Alijitibu kwa dawa zilizodondoshwa na ndege, akisaidiwa na wenzake wasio waganga, hadi alipoondolewa Oktoba.