MAFIGA MATATU YA UMEME
Habari za umeme wa njia tatu mjini Dar es Salaam, na yaliyotupata kinuni

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika habari za mazao, za mikopo na za maghala. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa kazi ya kuandika habari za umeme uendeshao kinu chetu cha kukoboa mpunga na kusaga mahindi, kilichopo Gerezani, mwendo mfupi kwa miguu toka sokoni Kariakoo. Huenda mwanachama akauliza: mkulima ana haja gani na habari za waya? Jibu letu ni kwamba katika mwaka wetu wa nne tulipata hasara, kisha tukamdhulumu mtu, kwa sababu jambo hili hatukulijua. Hasara tumekwisha kuilipa. Dhuluma yataka ielezwe mbele ya wote, na mahali pake ni hapa.

Kwanza tuanze na mji wenyewe. Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, zama za Wajerumani. Mitambo ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya karakana za reli, na kwa ajili ya ile sehemu ya mji waliyokaa watawala. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, walikokaa Waafrika, hapakufikiriwa. Hata jina la Kariakoo ni la baadaye: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za watu zikalilainisha jina hilo mpaka likawa letu.

Mwaka 1920 Waingereza waliuweka umeme chini ya idara ya serikali. Mwaka 1931 ukapewa makampuni mawili ya watu binafsi: DARESCO iliyohudumia Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma, na TANESCO iliyotumia maporomoko ya mto Pangani kuendesha mashamba ya mkonge ya Tanga. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Serikali ilinunua hisa katika makampuni hayo, yakawa kampuni moja. Na kufikia mwaka 1975 hisa zote zilikuwa mali ya umma. Mwaka ule ule wa 1964 kituo cha Hale, chenye nguvu za megawati 21, kilianza kazi, na umeme wa maji ya Pangani ukasafirishwa hadi Dar es Salaam.

Mwaka 1975 una kumbukumbu mbili kwetu. Ndio mwaka kituo cha Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, kilipoanza kutoa megawati 100, ambazo baadaye zilifika 204. Tena ndio mwaka Mwalimu Nyerere alipofungua soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na mwananchi, Bwana Beda Amuli, lenye mapaa yaliyokunjuka kama miavuli, na sehemu ya chini ya ardhi ambamo, pasipo taa, mchana ni sawa na usiku. Tangu hapo mtaa ule ambao zamani ulipitwa na waya ukawa miongoni mwa mitaa yenye kiu kubwa ya umeme nchini. Na kiu ya nchi ikaendelea kukua: mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kazi, mmoja katika mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja.

Basi, umeme wote huo, wa Hale, wa Kidatu na wa Rufiji, hutoka mtamboni ukiwa na njia tatu. Kwa nini tatu, wala si moja?

Aliyetwanga mpunga ataelewa upesi. Mtu mmoja akitwanga peke yake, mchi hupanda, hushuka, hugonga. Na kila unapopanda, kinu hukaa bure. Wakiingia watatu katika kinu kimoja, kila mmoja huinua mchi wake kwa zamu: wa kwanza agonga, wa pili yu karibu kugonga, wa tatu ndiyo kwanza anainua. Michi haigongani, na kinu hakikosi pigo. Umeme wetu nao hupanda na kushuka, mara 50 kila sekunde. Ndani ya mtambo wa kuzalisha mna makundi matatu ya nyaya za shaba, yaliyopangwa kuizunguka sumaku kwa nafasi zilizo sawa. Sumaku ikizunguka, kila kundi hupata zamu yake, thuluthi moja ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Kila zamu ndiyo njia moja, ambayo mafundi huiita fezi.

Maarifa haya si ya kale sana. Galileo Ferraris huko Torino, na Nikola Tesla huko Marekani, walionyesha kabla ya mwaka 1890 kuwa mawimbi ya umeme yanayopishana huweza kufanya sumaku izunguke yenyewe. Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, mhandisi Mrusi aliyefanya kazi Berlin, akatengeneza mota ya njia tatu mwaka 1889. Na mwaka 1891, siku za maonyesho ya Frankfurt, umeme wa njia tatu ulisafirishwa kutoka maji ya mto Neckar, huko Lauffen, mwendo wa kilomita 175, ukawasha taa kiasi cha elfu moja na kuendesha pampu ya maji. Tangu siku hizo dunia imefuata njia hiyo.

Faida zake twaweza kuzihesabu. Tuchukue mota ya kilowati 15, inayotosha kuendesha mashine ya nafaka. Kama ingepewa njia moja tu, ingevuta kiasi cha ampea 85, ambazo zingepita katika nyaya mbili nene. Ikipewa njia tatu, kila waya hupitisha kiasi cha ampea 28 tu. Hivyo shaba inayohitajika ni kama nusu, na shaba ni fedha. Faida ya pili ni kwamba zile zamu tatu zikizungushwa ndani ya mota hufanya nguvu ya sumaku izunguke, nayo mota huanza kwenda bila kusukumwa. Ukibadilishana nyaya mbili katika zile tatu, mota hugeuka na kuzunguka kinyume.

Ukitazama nguzo za zamani mitaani utaona nyaya nne: tatu ni zile njia, na wa nne ni waya wa kurudishia, uitwao nyutro. Kati ya njia moja na nyutro pana volti 230, ndizo zinazowasha taa za nyumbani. Kati ya njia na njia pana volti 400. Si 460 kama mtu angejumlisha, kwa sababu mawimbi hayafiki kileleni kwa wakati mmoja, hivyo 230 huzidishwa kwa 1.73 tu. Duka dogo hupewa njia moja na nyutro. Jirani yake hupewa njia ya pili. Wa tatu, njia ya tatu, ili mzigo ulingane. Ndiyo sababu usiku mwingine waona upande mmoja wa mtaa una giza na upande wa pili unawaka. Watu husema jirani anapendelewa. Sivyo: ni njia moja tu iliyokatika.

Sasa tufike kwenye habari yetu wenyewe. Asubuhi moja ya msimu wa mpunga, mwaka wetu wa nne, mwendesha kinu wetu alisikia mota ikinguruma kwa sauti nzito na mashine ikipunguza mwendo. Aliacha kumimina mpunga, akakimbilia swichi na kuizima. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kutoka. Mota iliungua.

Halmashauri iliitwa siku ile ile. Tulimwambia kuwa amelisha mashine mpunga kupita kiasi. Naye akajibu, "Waheshimiwa, umeme ulipungua. Sikuzidisha mpunga." Tukamwonyesha taa ya ofisi, ambayo haikuzimika hata dakika moja asubuhi ile. Sisi wenyewe tulikuwa tumeketi chini yake. Tuliandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba umeme ulikuwapo, na kwamba mtumishi alisema uwongo ili kuficha uzembe wake. Akasimamishwa kazi bila mshahara. Wanachama wakapeleka mpunga wao kwenye vinu vya watu wengine kwa bei ya juu, na kila aliyelipa zaidi alimtaja kwa ubaya.

Ikapita miezi miwili kabla hatujapata fedha za kuisuka mota upya. Fundi alipoifungua alituita tuje kutazama. Ndani mlikuwa na makundi matatu ya shaba, yaliyofungwa kwa mtindo ambao mafundi huuita nyota. Mawili yalikuwa meusi kama makaa. La tatu liling'aa kama jipya. Akatueleza kwa upole, kama mwalimu na watoto wa darasa la kwanza: mota iliyozidiwa na mzigo huungua makundi yote matatu kwa pamoja, maana yote huchoka sawasawa. Mota iliyofungwa namna ile, ikiungua mawili na kubakiza moja, ni mota iliyokosa njia moja. Njia mbili zilizobaki zilijaribu kubeba kazi ya tatu, zikavuta umeme kupita kiasi, zikaungua. Lile kundi lililong'aa lilipona kwa kuwa halikupata umeme kabisa.

Tukaenda naye kwenye ubao wetu wa umeme. Fyuzi moja katika tatu, fyuzi zetu wenyewe, ilikuwa imekatika. Na taa ya ofisi je? Ilikuwa imeungwa kwenye njia nyingine, iliyokuwa nzima. Ushahidi tuliomhukumia mtu haukuwa ushahidi wa kitu chochote.

Kisha fundi akauliza kilipo kile kifaa cha kulinda mota, kinachopaswa kukata umeme mota ikianza kuvuta kupita kiasi. Hapakuwa na kifaa. Kilikuwa kimeharibika, na nyaya zikaunganishwa moja kwa moja zikipita kando yake, kwa muda. Tulipopekua jalada tukaikuta barua ya mwendesha kinu, aliyotuandikia miezi mitatu kabla ya mkasa, akiomba kinunuliwe kingine. Juu yake tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu: "Isubiri bajeti." Bei ya kifaa kile ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kuisuka mota.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata tulisoma barua hiyo mbele ya wanachama, tukafuta maneno yaliyokuwamo katika kumbukumbu, tukaomba radhi, na mishahara yake yote ikalipwa. Aliipokea, akatushukuru kwa adabu, wala hakurudi kazini. Hatukumlaumu. Kijana aendeshaye kinu hivi sasa alifundishwa naye, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kusikiliza mota.

Tangu wakati huo tuna kifaa kinachokata umeme mara njia moja ikikosekana, na kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, njia zote tatu hupimwa na kuandikwa katika daftari. Vyama vya msingi vinavyotaka kununua mashine tunaviomba mambo matatu: viulize kama mahali pao pana umeme wa njia tatu kabla ya kulipa fedha, vinunue kifaa cha ulinzi siku ile ile inaponunuliwa mota, na barua ya mtumishi anayeijua mashine isomwe siku inapofika.

Wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu. Sisi tumejifunza kwamba mawili nayo hayaiinjiki: chungu huinama kwanza, na aliyekaa mbali na jiko hudhani mpishi ndiye aliyekimwaga.