Siti of Unguja (albamu)

Siti of Unguja ni albamu ya mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti Muharam, iliyotolewa mwaka 2020 na On the Corner Records ya London. Ina nyimbo zinazohusishwa na Siti binti Saad, mwimbaji mkuu wa taarabu ya Kiswahili, zikiwa zimeimbwa upya na kitukuu chake.

Usuli: Siti binti Saad

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Alijipatia riziki kwa kuuza vyungu, na sauti yake ya kunadi bidhaa ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako Muhsin Ali alimfundisha muziki.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya jumba la sultani na wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaipeleka Ng'ambo, mtaa wa wavuvi, wachukuzi, vibarua na waliokuwa watumwa. Kundi lake lilikuwa na wanamuziki hodari, miongoni mwao Subeit bin Ambar na Mbaruk Effandi Talsam, wapigaji udi, pamoja na Buda bin Mwendo. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Siti ikasikika kote pwani ya Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, na jarida la Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) liliitwa *Sauti ya Siti* kwa heshima yake.

Nyimbo

Albamu ina nyimbo saba: "Machozi ya Huba", "Sikitiko", "Pakistan", "Ashikibaya", "Nyuki", "Kijiti" na "Alaminadura". Mashuhuri kuliko zote ni "Kijiti". Wimbo huo unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Siti binti Saad aliutumia kuishutumu hukumu hiyo mbele ya watu, katika zama ambazo mwanamke maskini hakuwa na pengine pa kulalamikia. Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, naye aliuimba kwa miaka mingi, kwa hiyo Siti Muharam aliupokea ukiwa umekwisha kupita katika sauti kubwa mbili.

Muziki na kurekodi

Mwongozaji wa muziki ni Mohamed Issa Matona, mpigaji fidla na udi, mtoto wa mwimbaji Issa Matona. Mtayarishaji ni Sam Jones. Udi, kanuni, fidla, besi na ngoma ndizo zinazobeba nyimbo. Vionjo vya elektroniki vipo, lakini vimewekwa nyuma. Kinanda cha umeme, kinachotawala taarabu ya kisasa, hakikupewa nafasi hiyo, na matokeo yake kila neno la mwimbaji linasikika wazi. Siti Muharam hamwigi Siti binti Saad: anaimba taratibu, kwa sauti nzito iliyotulia.

Mfano wa bara: Morogoro

Wakati urithi wa Siti binti Saad unaimbwa upya na kitukuu chake, urithi wa muziki wa Morogoro, mji wa Tanzania Bara ulio chini ya milima ya Uluguru, umehifadhiwa kwa njia tofauti. Mwanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wa bendi ukashikwa na Juma Kilaza. Albamu ya *Ngoma Iko Huku*, iliyotolewa na Dizim Records ya Ujerumani, ilikusanya rekodi za Salum Abdallah mwenyewe za miaka ya 1955 hadi 1965. Hapo anayesikika ni marehemu mwenyewe, bila mrithi kuimba kwa niaba yake.

Umuhimu

*Siti of Unguja* iliwafikisha wasikilizaji wapya wa nchi za nje kwenye jina la Siti binti Saad. Kwa wasikilizaji wanaojua Kiswahili faida yake ni kubwa zaidi, kwani maneno wanayaelewa bila mkalimani. Anayemsoma Siti katika kitabu cha Shaaban Robert aisikilize na albamu hii.