Kuku akizubaa, mtenge kwanza

Wasikilizaji wetu wa Oldonyo Sambu, kuku akizubaa, akashusha mabawa, akaharisha kijani au akapinda shingo, shukuni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huletwa na virusi na hauna tiba.

Mtenge mgonjwa mara moja. Mpe maji safi na chakula laini. Hudumia wazima kwanza, yeye mwisho, kisha nawa mikono. Usimpeleke sokoni: ndivyo mdondo unavyohamia boma la jirani. Aliyekufa mchome au mfukie kwenye shimo refu. Mwarifu afisa mifugo.

Kinga ni chanjo ya I-2: tone moja katika jicho moja, kila miezi mitatu. Tunashauri mchanje pamoja na majirani kabla ugonjwa haujaingia. Aliyekwisha kuugua, chanjo haimponyi.