Pikapu za Lamu: Dizeli huishia wapi kati ya Garsen na Mokowe

MNUNUZI wa pikapu huonyeshwa kijitabu chenye tarakimu za kuvutia: gari litakwenda kilomita 13 au 14 kwa lita moja ya dizeli. Baada ya miezi michache ya kubeba samaki, maembe na saruji kati ya Mokowe, Hindi na Mpeketoni, mwenye gari hilo hujikuta akipata kilomita tisa, na siku nyingine saba. Si lazima awe ameibiwa, wala injini si lazima iwe mbovu. Tarakimu hizo mbili zimepimwa katika mazingira yasiyofanana hata kidogo.

Tarakimu ya kijitabu hutoka maabarani, ambako gari huendeshwa papo hapo juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka. Mtihani wa zamani wa Ulaya, uliojulikana kama NEDC, ulichukua dakika 20 na masafa ya kilomita 11 tu, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 kwa saa. Kiyoyozi kilizimwa. Hapakuwa na upepo, mchanga wala gunia hata moja nyuma.

Shirika la utafiti la ICCT, lililolinganisha tarakimu rasmi na matumizi ya madereva wa magari madogo barani Ulaya, liliona pengo la takriban asilimia tisa mwaka wa 2001 likipanuka hadi asilimia 40 hivi kufikia katikati ya miaka ya 2010. Mtihani mpya wa WLTP, ulioanza kutumika Septemba 2017, ulipunguza pengo hilo bila kuliziba. Pikapu inayofanya kazi ya mzigo haina sababu ya kutarajia afadhali.

Katika Lamu jambo hili lina sura yake ya pekee. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, una vichochoro ambamo punda mwenye shehena hupita kwa shida, seuze gari. Pikapu ni chombo cha bara: Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu. Gatini Mokowe mzigo hushushwa na kupakiwa botini, na hapo huanza hesabu nyingine ya mafuta, iliyo kali kuliko ile ya kwanza.

Kwa miaka mingi barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, yenye urefu wa kama kilomita 135, ilikuwa ya udongo na mchanga, na masika ikageuka tope. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, karibu na wakati gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipofunguliwa, Mei 20, 2021. Badiliko hilo liliwapa wenye pikapu nafuu ambayo injini yoyote mpya isingewapa.

Sababu ni ya kimaumbile. Tairi inapobingirika juu ya lami nzuri, nguvu inayoipinga ni kama asilimia moja hadi moja na nusu ya uzito wa gari. Juu ya mchanga uliolegea nguvu hiyo hufikia asilimia 20 au hata 30. Pikapu ya tani mbili, ambayo kwenye lami inapingwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 25 hivi, mchangani inapingwa na nguvu ya kilo 400 na zaidi. Ni kana kwamba inapanda mlima mkali usiokwisha, japo nchi ni tambarare kama sahani.

Ndiyo maana dereva anayeacha lami na kuingia vijia vya mashambani hawezi kumwuliza mwenzake wa barabara kuu gari lake linakula kiasi gani. Kilomita tano za mchanga zaweza kumeza dizeli ya kilomita 30 za lami. Madereva wazoefu hupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani ili tairi itande na isizame, jambo ambalo ni la busara. Kosa huja wanaposahau kuurudisha. Wizara ya Kawi ya Marekani hukadiria kwamba kila kipimo kimoja cha upepo kinachopungua katika tairi zote nne huongeza ulaji kwa asilimia 0.2 hivi. Yaonekana kidogo, lakini tairi iliyopungua vipimo kumi pia huchemka na kupasuka upesi, na bei ya tairi moja ni dizeli ya safari kadhaa.

Lami nayo ilileta mtego wake, ambao ni mwendo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 huongeza upinzani huo kwa karibu asilimia 90, na pikapu, kwa umbo lake la sanduku, si chombo kilichochongwa kukata upepo. Magunia yaliyopangwa juu kuliko paa na turubai linalopigapiga huzidisha hasara. Wapo wanaosafiri na mlango wa nyuma umeshushwa wakidhani hewa itapita kwa urahisi. Kwa kawaida hawafaidi kitu: mlango ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya karai na kufanya mto ambao upepo mwingine huteleza juu yake.

Kuhusu mzigo wenyewe, wengi hukisia vibaya. Tani moja juu ya gari la tani mbili huongeza uzito kwa nusu, lakini kwenye lami, kwa mwendo usiobadilika, ulaji hauongezeki kwa nusu, kwa kuwa upinzani wa hewa hautegemei uzito. Mzigo huuma pale gari linaposimama na kuondoka mara kwa mara, na huuma zaidi mchangani, ambako karibu upinzani wote unatokana na uzito.

Kusimama huko Lamu imekujua vyema. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, safari za usiku zilipigwa marufuku na magari yakasafiri kwa misafara iliyosindikizwa na polisi. Injini ya dizeli inayonguruma bila kwenda popote hunywa karibu lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa huzidi. Saa mbili za kungoja msafara, kwa gari linalokwenda kilomita tisa kwa lita, ni kilomita 18 ambazo hazikusafiriwa.

Aina ya injini ina nafasi yake. Toyota Land Cruiser ya pikapu yenye injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, ipendwayo na idara za serikali, ni ngumu na hutengenezeka popote, lakini hulipisha ugumu huo kwenye pampu. Isuzu D-Max na Toyota Hilux zenye injini za lita 2.5 hadi 3.0 na turbo hula kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Afanyaye kazi ya lami tupu hana haja ya chombo kikubwa.

Kupima ulaji halisi hakuhitaji mtambo. Tangi hujazwa hadi pampu ijifunge yenyewe, kilomita zikaandikwa, gari likafanya kazi yake ya kawaida, kisha likajazwa tena, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Kilomita 405 zikigawanywa kwa lita 45 zilizoingia, jibu ni tisa. Tangi moja halitoshi kutoa hukumu, bali matano au sita. Aliyebadilisha tairi na kuweka kubwa zaidi ajue kwamba mita yake sasa huhesabu pungufu, na gari litasingiziwa ulafi lisio nao.

Kuna kosa jingine ambalo huwapata hata wasomi. Tuseme pikapu imekwenda kilomita 120 tupu kwa kilomita 12 kwa lita, ikarudi na mzigo kwa kilomita nane kwa lita. Wastani si kumi. Kwenda kulitumia lita 10 na kurudi 15, jumla 25 kwa kilomita 240, yaani kilomita 9.6. Mchukuzi anayepanga nauli kwa hesabu ya kumi humpa mteja lita moja ya bure kila safari, na kwa mwaka hilo si jambo dogo.

Gatini Mokowe mambo hubadilika. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 40 inayoning'inizwa nyuma ya boti, ile ya kuchanganywa mafuta na oili, ikifunguliwa kabisa hunywa lita 16 au zaidi kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, boti hupata kilomita mbili na kidogo kwa lita, robo ya ipatayo pikapu. Kuelekea Faza au Kiwayu wakati wa kusi, maji yakiwa mabaya, hata hizo mbili hazipatikani. Kupunguza moto kidogo huokoa mengi, mradi boti isishuke pua na kuanza kusukuma maji badala ya kuteleza juu yake.

Na petroli hiyo imetozwa ushuru wa kutengeneza barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya 1993 na kukatwa katika kila lita ya petroli na dizeli bila kuuliza itateketezwa nchi kavu au majini. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Kwa kiwango hicho, saa moja ya boti kwenda Pate huchangia Sh400 kwa barabara ambazo boti haitazigusa.